Jembe na Pembe: Historia ya Wakulima wa Ukerewe katika Riwaya ya Aniceti Kitereza

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 katika juzuu mbili. Muswada wake wa Kikerewe ulikuwa umekamilika tangu mwaka 1945, na tafsiri ya Kiswahili ilifanywa na mtunzi mwenyewe. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alifariki mwaka 1981 bila kuwahi kukiona kitabu chake kikiwa kimechapwa. Taarifa hizi zimerudiwa mara nyingi katika tahakiki za fasihi ya Kiswahili, kwa kawaida kama kisa cha kusikitisha cha mwandishi aliyechelewa kutambuliwa. Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba ucheleweshaji huo wa miaka 35 uliathiri pia namna riwaya ilivyopokewa. Kazi iliyoandikwa na mtu aliyelelewa na watu walioiona karne ya 19 kwa macho yao iliwafikia wasomaji wa Tanzania mara tu baada ya Operesheni Vijiji. Wasomaji hao walikwisha kuzoea kuusikia ukulima wa kale ukisifiwa jukwaani kama chimbuko la ujamaa. Hivyo ilikuwa rahisi kuisoma riwaya hii kama ushahidi wa zama za utulivu, na wengi wameisoma hivyo hadi leo.

Sehemu hii inaupinga usomaji huo. Hoja yake ni kwamba riwaya ya Kitereza ni historia ya jamii ya wakulima iliyokuwa katika hofu ya kutoweka, na kwamba hofu hiyo imefichwa ndani ya maelezo yaleyale ya kilimo, pombe, dawa na ndoa ambayo wahakiki wameyachukulia kuwa pambo la kimila.

Vichwa vya riwaya yenyewe vinafaa kuangaliwa kwanza. Kichwa cha Kiswahili kina majina ya watu wanne tu: mume, mke, mwana na binti. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyotoka mwaka 2002, imeongezewa kichwa kidogo kinachoitambulisha kazi hii kuwa hadithi ya jamii ya kale ya Kiafrika. Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig, ya mapema miaka ya 1990, imegawanywa katika vitabu viwili, na cha kwanza kinawaita wahusika watoto wa waletamvua. Kila mfasiri ameona haja ya kumpa msomaji wa nje jamii nzima, au utawala wake, ambapo mtunzi alitoa kaya moja. Tofauti hii si ndogo. Kwa Kitereza jamii haipo nje ya kaya ili iweze kuelezwa peke yake. Inaonekana pale kaya inapopungukiwa na kulazimika kutoka kwenda kuomba, kulipa au kutibiwa. Kuiita hadithi ya jamii ya kale ni kumpa mtunzi mada ambayo hakuichagua, na kumwondolea ile aliyoichagua.

Ukerewe ina bahati isiyo ya kawaida miongoni mwa jamii ndogo za wakulima nchini Tanzania: ina mtunzi wake wa riwaya na ina mwanahistoria wake. Gerald Hartwig alifanya utafiti kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1976 kinaeleza historia ya Wakerewe kuanzia mwaka 1800 hadi 1895. Katika kitabu hicho mhimili wa historia ni biashara ya masafa marefu. Wakerewe walikuwa wawindaji wa ndovu. Pembe ziliwaingiza katika mtandao wa biashara ulioishia pwani ya Bahari ya Hindi. Watawala walipata nguvu mpya na maadui wapya. Maradhi yakaingia kupitia njia zilezile za bidhaa. Tuhuma za uchawi zikaongezeka. Hartwig alilirudia suala la maradhi ya mlipuko katika kitabu alichokihariri pamoja na Patterson mwaka 1978, na lile la utumwa miongoni mwa Wakerewe katika makala ya mwaka 1977. Karne ya 19 anayoichora ni ya msukosuko. Omukama alitazamiwa kuleta mvua, na mvua ilipokosekana kiti chake kiliyumba. Henry Stanley alipofika kisiwani mwaka 1875 alimkuta Rukonge akitawala, na mwaka 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa huko. Mwaka 1895 Wajerumani wakahitimisha zama hizo kwa bunduki.

Kati ya hayo yote, karibu hakuna linaloshika nafasi katika riwaya. Msomaji anaweza kumaliza juzuu zote mbili bila kujua kwamba kisiwa hiki kiliwahi kupeleka pembe pwani. Hali hii ingeelezeka kwa urahisi kama Kitereza angekuwa mtu asiyejua. Lakini alikuwa na nasaba na ukoo wa watawala, alisoma katika seminari ya Rubya huko Bukoba, na alikuwa miongoni mwa wazee ambao Hartwig aliwategemea kwa taarifa. Makala ya mwaka 1972 iliyomtambulisha kwa wasomi wa ulimwengu iliandikwa na Gerald Hartwig huyohuyo pamoja na mkewe Charlotte. Kwa maneno mengine, masimulizi mawili yanayopingana kuhusu karne moja yamepita, kwa sehemu, katika kinywa cha mtu mmoja. Alipoulizwa na mwanahistoria alisimulia watawala na matukio. Alipojiandikia mwenyewe aliandika jembe. Uhakiki unaodai kwamba mtunzi hakuijua historia ya nchi yake hauwezi kusimama.

Linalobaki ni kuuliza kwa nini aliiacha. Jibu jepesi ni lile la mtunzi mwenyewe, kwamba aliandika ili vijana wasiipoteze lugha na desturi za wazee wao. Hata hivyo nia ya kuhifadhi desturi haimlazimishi mtu kuacha vita na biashara, kwani hayo nayo yana desturi zake. Jibu linaloelekea zaidi kuwa sahihi limo katika muundo wa kisa.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto aliye hai. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, na baba yake, Namwero, anamchukua binti yake na kumrudisha nyumbani. Myombekere anamfuata ukweni, anaomba radhi, anatozwa pombe ya ndizi, anailipa, na mke anarudi. Wanamwendea mganga Kibuguma. Baada ya tiba ndefu anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali, na sehemu kubwa iliyobaki inawafuata watoto hao hadi utu uzima wao.

Wahakiki wanaoisoma riwaya kama kumbukumbu ya mila hulitazama tukio la mke kurudishwa kwao kama mwanzo wa somo juu ya taratibu za ndoa. Tukio hilo ni zaidi ya hapo. Bugonoka anapoondoka, kinachovunjika kwanza ni uzalishaji. Mume aliyebaki peke yake ana shamba lakini hana chakula kilicho tayari. Ana nyumba lakini moto wake hauwaki kwa wakati wake. Mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke, ambao katika kurasa za mwanzo ulionekana kama heshima tu, unafichuka kuwa ndiyo nguzo ya uchumi wote. Kitereza hatoi hotuba juu ya jambo hili. Anamwacha Myombekere ataabike na kazi ndogondogo, na msomaji anaona kwamba kaya ya mkulima wa Ukerewe haikuwa na akiba ya nguvukazi hata kidogo. Mtu mmoja akiondoka, kaya imeanguka. Hapo ndipo ugumba unapopata uzito wake halisi. Mtoto asiyezaliwa ni huzuni ya wazazi, lakini pia ni jembe lisilo na mshikaji miaka 15 ijayo, na ni uzee usio na mtu wa kuulisha.

Sehemu ya pombe ndiyo tajiri kuliko zote, na ndiyo ambayo msomaji wa leo asiye mvumilivu hutamani kuiruka. Mtunzi anaifuata hatua kwa hatua: ndizi kukatwa na kuvundikwa, kukamuliwa, kuchanganywa na unga wa nafaka, kusubiriwa ichachuke, kisha kubebwa ukweni. Urefu wake umelaumiwa kuwa unaudumaza mtiririko wa kisa. Lawama hiyo ina ukweli kiasi, kwani kuna kurasa ambapo mtunzi anaeleza kama mwalimu aliyesahau kwamba kengele imelia. Lakini ukiziondoa kurasa hizo, adhabu aliyotozwa Myombekere inapoteza maana. Faini ya pombe si bei. Ni jaribio la kujua kama mtu huyu ana watu. Hakuna mwanamume anayeweza kutengeneza pombe ya kiasi kile peke yake. Lazima aombe mikono ya ndugu na majirani, na ndugu hao ni walewale waliomfukuza mkewe kwa masimango. Namwero, kwa kudai pombe, anawalazimisha wakwe zake kushiriki kwa jasho lao katika kumrudisha binti waliyemtukana. Fidia hailipwi na mume tu, inalipwa na ukoo. Huu ni uchambuzi wa mahusiano ya kazi wenye makali kuliko mwingi uliomo katika ripoti za maendeleo vijijini, nao umetolewa bila istilahi hata moja.

Kwa mtazamo huu, mjadala uliowagawa wanahistoria wa miaka ya 1970 unaingia riwayani kwa mlango wa nyuma. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alishikilia kwamba kabla ya miaka ya 1890 wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa wameyamudu mazingira yao, na kwamba janga lilianza na sotoka, ndui na uvamizi wa wakoloni. John Iliffe (1979), kama Hartwig, aliiona karne ya 19 yenyewe kuwa imekwisha kujaa misukosuko. Ukiangalia mashamba, mifugo na ufundi, Kitereza anaonekana kumuunga mkono Kjekshus: Wakerewe wake wanajua udongo, miti, samaki, na dawa. Ukiangalia vitanda vya uzazi, anasimama na Hartwig. Wahusika wake wanaishi wakitarajia kifo cha mtoto. Majina yenyewe yanasema hivyo, kwani Ntulanalwo ni jina linalokiri kwamba kifo ni mwenzi wa kila siku, na Bulihwali ni jina la huzuni linalouliza mwisho wake. Wazazi waliopata watoto kwa taabu kubwa namna hii wangetazamiwa kuwapa majina ya furaha. Wao wanawapa majina ya tahadhari.

Ni katika tahadhari hiyo ndipo msukosuko ambao mwanahistoria aliufuata barabarani unapatikana ndani ya nyumba. Ndui na kipindupindu havitajwi kama matukio ya tarehe fulani; vimekuwa tabia. Mzazi anaangalia nani anamkaribia mtoto. Dawa inafuatwa mbali na kulipiwa kwa gharama. Neno baya la jirani halichukuliwi kama mzaha. Hartwig alihesabu tuhuma za uchawi kama matokeo ya biashara na maradhi. Kitereza hamwonyeshi msomaji sababu. Anamwonyesha jinsi watu wanavyoishi baada ya sababu kusahaulika. Ikumbukwe kwamba yeye mwenyewe alizaliwa mara tu baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe wa kanda nzima ya maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hakuna mzee aliyemlea ambaye hakuwa na kumbukumbu ya mazizi matupu. Ng'ombe wengi na wanono wa riwaya, ambao wasomaji huwapokea kama picha ya hali ilivyokuwa, yawezekana wakawa picha ya walichokosa wasimuliaji wake.

Kuna pengo moja, hata hivyo, ambalo hoja hii haiwezi kulifunika, wala haipaswi kujaribu. Katika makala yake ya mwaka 1977 Hartwig ameonyesha kwamba utumwa ulikuwapo Ukerewe na kwamba sura zake zilibadilika jinsi biashara ilivyokua. Watu wasio huru walilima. Katika riwaya hakuna mtumwa anayepewa usemi, historia, wala shida ya kuzaa au kutozaa. Kaya ya Myombekere inategemea mume, mke, ndugu na majirani, na msomaji anaachwa aamini kwamba ndivyo kaya zote zilivyokuwa. Hapa ukimya hauwezi kuelezwa kwa muundo wa kisa, maana kaya ndiyo mahali hasa ambapo mtumwa wa shambani angeonekana. Inawezekana mtunzi aliona aibu mbele ya wasomaji vijana. Inawezekana pia kwamba kwa mtu wa nasaba yake jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi cha kutohitaji kusemwa. Vyovyote iwavyo, mtafiti anayeitumia riwaya hii kama chanzo cha historia ya kilimo analazimika kuitumia sambamba na makala ya Hartwig. Akiitumia peke yake atapata ukulima huru kuliko uliokuwapo.

Thamani ya chanzo hiki inaonekana vizuri zaidi kikilinganishwa na maandishi ya aina nyingine kuhusu kilimo cha visiwa hivihivi. Ukara, kisiwa kidogo kilicho kaskazini mwa Ukerewe, kimekuwa mfano mashuhuri miongoni mwa wataalamu wa kilimo tangu Thornton na Rounce walipochapisha maelezo yao mwaka 1936 katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakara walifunga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakakusanya samadi na kuipeleka shambani, na wakapanda marejea katika uwele ili kurutubisha ardhi iliyolimwa mwaka hadi mwaka. Maafisa walistaajabu, na haki yao. Lakini katika maelezo ya namna hiyo mkulima hana jina, hana mkwe, wala hana hofu. Samadi inabebwa na "Mkara". Msomaji anajua udongo ulirutubishwaje asijue ni nani aliyechoka. Kitereza hana takwimu za mavuno, na mchumi hatapata kwake kipimo cha eka. Anachotoa ni kile ambacho hakuna afisa aliyekiuliza, yaani kwa nini mtu aliamka alfajiri kwenda kulima siku ambayo mkewe alikuwa ameondoka.

Ulinganishi mwingine unatoka Ukerewe yenyewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, wakati Kitereza akikaribia kuumaliza muswada wake katika kisiwa hichohicho. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, miaka tisa kabla ya riwaya ya mzee huyo, na kwa sababu hiyo historia ya fasihi imezoea kuwapanga kinyume. Zikisomwa kwa mfuatano wa maisha yanayosimuliwa, riwaya hizi mbili zinaunda historia ya kaya moja ya wakulima katika vizazi kadhaa. Katika kaya ya Zakaria na Regina watoto wapo, tena wengi, na mabinti ndio wengi zaidi. Kilichokuwa ombi kuu la Bugonoka kimepatikana, na bado nyumba haina amani. Pombe, ambayo kwa Myombekere ilikuwa njia ya kuwakusanya watu na kumrudisha mke, kwa Zakaria ndiyo inayoimaliza kaya. Imegeuka kitu cha kununuliwa. Haihitaji tena mikono ya majirani, na kwa hiyo haimfungi anayeinywa kwa yeyote. Rosa anakwenda kusoma Mwanza, na thamani ya binti haipimwi tena kwa shamba. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) inasonga mbele zaidi: Tumaini anaishia kuwa mkulima mkubwa, anapambana na siasa inayodai ardhi yake, anaua na kunyongwa. Mgogoro mkuu wa Kitereza hautokani na ardhi hata kidogo. Ule wa Tumaini hautokani na kitu kingine.

Kwamba ardhi haikuwa chanzo cha ugomvi wa Myombekere ni taarifa ya kihistoria yenye uzito wake, hasa inaposomwa leo, baada ya sensa ya mwaka 2012 kuhesabu zaidi ya watu 340,000 katika wilaya ya Ukerewe. Wahusika wa Kitereza walihofia kuwa wachache mno. Wajukuu wao wanagawana mashamba yasiyogawanyika tena. Wanaoisifu riwaya hii kama kioo cha maadili ya kurudiwa hawajaeleza ni vipi maadili yaliyoundwa na uhaba wa watu yataiongoza jamii yenye uhaba wa ardhi. Utaratibu wa kumsimanga mke asiyezaa ulikuwa na sababu yake ya kiuchumi, nayo imekwisha, masimango yamebaki.

Suala la lugha nalo linagusa historia moja kwa moja. Kitereza alipojitafsiri hakutafuta Kiswahili cha pwani. Sentensi zake ni ndefu, zimebeba mpangilio wa Kikerewe, na mara kwa mara zinaacha neno la Kikerewe lisimame na kulifafanua kando yake. Wapo wanaouona huu kuwa udhaifu wa umbuji, na katika baadhi ya mazungumzo ya wahusika kweli maamkizi na majibu yanachosha. Lakini msamiati wa kilimo na vyombo haukuwa na visawe tayari, na pale mtunzi alipokataa kulazimisha kisawe alihifadhi tofauti ambazo Kiswahili sanifu kingezifuta. Tatizo ni kwamba mtafiti anayetegemea toleo la Kiswahili anafika kwenye jembe, chungu na dawa kupitia uamuzi wa mfasiri, hata kama mfasiri ni mtunzi. Matini ya Kikerewe haikuchapishwa katika uhai wake. Uhakiki wa kihistoria wa riwaya hii unahitaji matini mbili zilizowekwa bega kwa bega, kuanzia na sura za pombe na za Kibuguma, ambako majina ya mimea ndiyo mengi na uwezekano wa kupotea kwake ndio mkubwa.